Handaki la treni na nyumba zilizo juu yake

Mradi wa reli ya chini ya ardhi unapotangazwa, wakazi huonyeshwa picha ya mashine kubwa ya kuchimba handaki, na hofu yao yote huhamia huko. Mimi naamini shimo la stesheni, yaani lile linalochimbwa kutoka juu ili stesheni ijengwe ndani yake, ndilo linalostahili hofu hiyo. Mashine hupita chini ya mtaa kwa muda mfupi, ikiuzuia udongo kwa shinikizo upande wa mbele na kuacha pete za zege nyuma yake. Ikiendeshwa vyema, ardhi hushuka kwa milimita chache tu. Shimo la stesheni hukaa miaka, na kinachotenganisha nyumba za jirani na shimo hilo ni kuta za zege zinazozuia udongo na maji.

Mwaka 2008, huko Amsterdam, ukuta wa namna hiyo ulivuja katika stesheni ya Vijzelgracht. Maji yalichukua mchanga uliokuwa chini ya ardhi, na nyumba zilizojengwa karne ya 17 zikadidimia, baadhi yake kwa zaidi ya sentimita 20. Tarehe 3 Machi 2009, huko Köln, Ujerumani, jengo la Hifadhi ya Nyaraka ya mji liliporomoka kando ya shimo la reli. Watu wawili wa majengo ya jirani walikufa, na kumbukumbu za zaidi ya miaka elfu moja zikafukiwa. Kesi iliyofuata ilionyesha kwamba kasoro ilikuwa katika ukuta wa shimo, nayo ilikuwa imetokea miaka kadhaa kabla ya siku hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila nyumba ikaguliwe na nyufa zake zipigwe picha kabla ya kazi kuanza, na mwenye nyumba abaki na nakala, kwa sababu baadaye mkandarasi atadai kwamba ufa ulikuwepo tangu zamani. Vipimo vya mwendo wa ardhi na vya kina cha maji ya chini ya ardhi viwafikie wakazi wakati vinapochukuliwa, pamoja na kiwango ambacho kikivukwa kazi husimamishwa.

Wapangaji wenye maduka madogo nao husahaulika mno. Ukuta wao hauna ufa wa kuonyesha, lakini uzio ukiziba njia kwa miaka mitatu au minne wateja huzoea kununua kwingine, na fidia inayohesabu majengo peke yake haiwagusi. Hasara ya mauzo ihesabiwe katika gharama za mradi tangu bajeti ya kwanza, na ilipwe wakati duka lingali wazi.