Barabara Pemba: mazingira yasiyo na bei hayatunzwi

Nimefanya kazi ya ofisa mazingira upande wa mshauri elekezi, kwenye barabara moja ya kaskazini mwa Pemba: kupanua njia ya zamani, kunyoosha kona na kutia lami mpya. Watu huniuliza tathmini ya athari za mazingira inafanywaje. Mimi naona swali gumu ni lile linalofuata: yaliyoandikwa kwenye tathmini yatamfikiaje dereva wa greda? Kwa nilivyoona, yanamfikia kupitia jedwali la bei la mkataba. Hatua isiyo na mstari wake wa malipo, hata uiandike kwa herufi za dhahabu, haifanyiki.

Upande wa sheria haukunisumbua sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ni ya mwaka 2015, na ZEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira ya Zanzibar, ndiyo inayopitia ripoti na kutoa cheti. Ukienda kuwasikiliza wananchi shehia kwa shehia, badala ya kuwaita wote kwenye mkutano mmoja wa mjini, utakuwa na cha kuandika.

Vumbi ndilo lililonitoa jasho. Ripoti ilisema mkandarasi "atamwagia maji barabara". Wapi, mara ngapi, kwa malipo gani, kimya. Kwenye rasimu ya zabuni, mazingira yote yalikuwa yamefungwa kwenye mstari mmoja wa bei ya jumla, na bei ya jumla ni raha ya mkandarasi: amwage asimwage, analipwa ile ile. Sasa anayeijua Pemba anajua msimu wa karafuu ulivyo. Majamvi yanatandikwa uani, kandokando ya njia, hata juu ya lami yenyewe, na karafuu zinakaa juani siku kadhaa mpaka zikauke. Tipa la kifusi likipita kasi, wekundu unatua juu ya jamvi. Unachota konzi, unaziachia, vidole vinabaki na udongo. Karafuu za namna hiyo zikifika kituo cha kuuzia, daraja la kwanza mwenyewe hana haja ya kuliulizia.

Bahati nzuri nyaraka za zabuni zilikuwa bado mezani. Nikaomba ule mstari uvunjwe, boza la maji lilipwe kwa safari, na kila safari iwe na karatasi yenye saini ya mkaguzi wetu. Vipande vyenye majamvi vimwagiwe kwanza. Mkadiriaji alilalamika kwamba nitamjazia faili, na kweli lilijaa, lakini boza lilikuwa halikai. Ikafika mahali dereva akataka kumwaga hata mvua ikiwa imetoka kunyesha asubuhi ile ile, maana safari ni pesa. Hapo ndipo saini ya mkaguzi ilipofanya kazi yake.

Kwenye maji tulikaa muda mrefu zaidi. Pemba si tambarare: njia inapanda kilima, inashuka bondeni, na bondeni kuna mpunga wa watu. Tulitembea na mchoro mkononi, pamoja na sheha na wenye makonde. Pahala pamoja mchoro ulionesha kalvati moja kubwa, yaani njia ya maji chini ya barabara, la kupokea maji ya mteremko mzima. Bi mkubwa mmoja alisimama juu ya tuta la konde lake, akanyoosha jembe kuelekea kigingi cha wapimaji.

"Mwanangu, maji hapa yanapita kwa mapana. Nyinyi mnataka yatoke mdomo mmoja, na mdomo wenyewe unanitazama mimi."

Mhandisi wetu hakubisha. Maji yaliyotawanyika hayana nguvu. Ukiyakusanya yanachimba, na udongo yaliouchimba yanakwenda kuutua juu ya mpunga. Tukakubaliana makalvati matatu madogo badala ya lile moja, sakafu ya mawe mbele ya kila mdomo, na mtaro wa kutolea maji ufike hadi kwenye kijito, usiishie mpaka wa hifadhi ya barabara. Hilo la mwisho lilikuwa na mashaka yake, kwa sababu nje ya hifadhi ni ardhi ya watu. Ikabidi kila mwenye konde aridhie kwa maandishi mbele ya sheha, na yaliyochimbwa yalipwe. Nikaongeza sharti kwamba kilima kisikatwe upya ndani ya masika, na miteremko iliyokwisha kukatwa ipandwe majani kabla ya Machi, nayo ilipwe kwa mita ya mraba iliyoota. Iliyopandwa ikafa, hailipwi.

Popo walikuwa kesi rahisi kuliko nilivyodhani. Popo mkubwa wa Pemba hapatikani kwengine popote duniani; mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka, akaongezeka baada ya vijiji kama Kidike kuanza kumlinda. Mchana analala kwenye miti mikubwa, na mingi ya miti hiyo imebaki kwa kuwa iko makaburini. Ukingo mpya wa barabara ulikuwa unapita chini ya miti ya namna hiyo. Nilijiandaa kwa hoja za viumbe adimu, nisizitumie hata moja: makaburi yalitosha, na njia ya barabara ikasogezwa upande wa pili. Waliowaokoa popo wale ni marehemu.

Ubishi mkubwa ulikuja kwenye matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Wahandisi hawapendi tuta juu ya lami mpya. Nikawakumbusha msitu wa Jozani, kule Unguja, wanakoishi kima punju, kima wekundu wa Zanzibar. Barabara ilipotiwa lami miaka ya 1990 magari yakashika kasi, na kima punju mmoja akawa anauawa kila baada ya wiki mbili au tatu. Matuta yalipojengwa, vifo vikashuka hadi takribani mmoja kwa wiki sita. Tathmini nyingi zinahesabu athari mpaka siku ya kukata utepe, ilhali mwendo kasi unaanza siku hiyo. Kwetu hapakuwa na kima punju, palikuwa na skuli na madrasa kando ya njia. Matuta yakaingia.

Machimbo ya kifusi tuliyamaliza kwa fedha ya dhamana: udongo wa juu unawekwa kando, kingo zinalazwa, udongo unarudishwa, na mpaka hapo sehemu ya malipo ya mwisho haitoki. Hakuna shimo lililoachwa kuwa dimbwi la mbu.

Lililobaki ni mitaro. Barabara ikishakabidhiwa, jedwali letu la bei halina tena nguvu, na mtaro uliojaa majani unarudisha maji kondeni. Nimependekeza kwa maandishi usafishaji wa midomo ya makalvati uwe na kifungu chake kwenye bajeti ya matengenezo, na ufanyike Februari, kabla masika hayajaanza. Sheha ana nakala, na yule bi mkubwa anayo pia.