Alama ya Kutu

Boksi lile nililipokea mwenyewe na kulitilia saini. Nilikuwa na miezi sita tu katika idara ya nyaraka ya maktaba, na huo ulikuwa mkusanyo wa kwanza kukabidhiwa peke yangu: picha, barua na michoro ya rangi za maji ya mchoraji mmoja wa mwishoni mwa karne ya 19. Jamaa zake walilitunza juu ya kabati kizazi baada ya kizazi, wakalileta likiwa limefungwa kamba.

Ndani, karibu kila kitu kilibanwa na klipu ya chuma. Klipu moja ilishika barua, picha na mchoro mdogo. Nyingine picha mbili na kipande cha gazeti. Picha zenyewe zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai, ufundi ulioanzishwa na Mfaransa Blanquart-Evrard mwaka 1850. Karatasi hiyo ni nyembamba mno, na isipobandikwa kwenye kadi hujikunja kama jani kavu. Nadhani ndiyo sababu mwenyewe alizibana.

Klipu zote zilikuwa na kutu, na kutu hula karatasi. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba gazeti halifai kulala na picha, maana karatasi yake hutokana na rojo la mbao lenye asidi, na ikizeeka huipaka jirani yake doa la kahawia. Basi nikaanza kazi. Nilizitoa klipu moja moja kwa uangalifu, bila kuchana hata ncha ya karatasi. Picha nikazitia kwenye mifuko ya poliesta, yaani plastiki angavu, barua kwenye majalada yasiyo na asidi, michoro kwenye droo pana yenye giza, kwa kuwa rangi ya maji ikishapauka kwa mwanga hairudi tena. Kwa siku mbili sikuinua kichwa. Nilipomaliza, meza ilikuwa safi na kila kitu kimekaa na wenzake. Nilijawa na fahari.

Sikuwa nimeandika popote kipi kilibanwa na kipi.

Siku ya tatu alikuja mkuu wetu, ambaye sisi vijana wote tulimwita Mama. Alichukua mfuko mmoja wenye picha ya mwanamke aliyesimama mlangoni, ameshika ufunguo. Akaugeuza. Nyuma hapakuwa na neno.

"Mwanangu, hii ilikuwa na barua gani?"

Nikanyamaza. Akachukua nyingine. "Na hii?"

Nilihisi damu ikinishuka miguuni. Nilikuwa nimesoma darasani kuhusu Waholanzi Muller, Feith na Fruin, waliochapisha mwongozo wao mwaka 1898 na kusisitiza kwamba mpangilio wa awali wa nyaraka uheshimiwe. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Ila sikuwa nimeelewa kwamba mpangilio wenyewe ni maandishi. Mchoraji hakuandika jina la yule mwanamke kwa sababu hakuona haja: jina lilikuwa ndani ya barua, na klipu ilikuwa inasema "ndiye huyu". Mimi niliifuta sentensi hiyo kwa koleo dogo.

Kutenganisha picha na barua si kosa. Maktaba nyingi hufanya hivyo, na ni sawa. Lakini kwanza unavipa namba vyote kwa penseli laini, na pale unapotoa kitu unaacha karatasi inayosema kimekwenda wapi. Ni kazi ya dakika moja kwa kila fungu.

Mama hakupandisha sauti. Alizima taa kubwa, akaniletea tochi. "Imulike kutoka ubavuni," akasema, "mwanga ulale juu ya karatasi." Nikainama. Pembeni mwa picha ya yule mwanamke, kidogo juu ya bega lake, paliibuka kijibonde chembamba chenye umbo la klipu, na ndani yake mstari wa kutu uliopinda, umekatika mahali pamoja. Tukaanza kupitia barua. Ya kumi na ngapi sijui, kona yake ya juu ilikuwa na mstari uleule, umepinda vilevile, umekatika palepale. Tukaviweka sambamba. Vilikaa.

Barua ilimtaja: alikuwa mwenye nyumba, na mchoraji alikuwa akimwomba ruhusa ya kumchora mlangoni.

Tulifanya hivyo wiki tatu. Kutu ilitusaidia zaidi, kisha madoa ya magazeti, ambayo yaliacha pembenne za kahawia tulizozipima kwa rula. Picha moja ilitushinda kabisa hadi nilipoigeuza na kuona vivuli vya herufi mgongoni. Barua zile ziliandikwa kwa wino wa chumvi ya chuma. Asidi yake hupenya na kuunguza kilicho karibu, ikaacha mwandiko uliogeuzwa kama kwenye kioo. Mama alileta kioo kweli. Tulisoma tarehe na nusu ya salamu, na ilitosha kuipata barua yake.

Kati ya mafungu 31, tuliyarudisha 22. Mama alisema orodha ya mkusanyo niiandike mimi, kwa mkono wangu, na nisifiche kitu. Kwenye ukurasa wa kwanza, mahali msomaji anapoanzia, niliandika: "Mpangilio wa awali ulivurugwa wakati wa kupokelewa. Mafungu 22 yamerejeshwa kwa kufuata alama za kutu, madoa na wino. Picha zilizosalia zipo kwenye boksi la mwisho, bila barua zake." Alisoma, akarekebisha neno moja. Palipokuwa na "ulivurugwa" aliongeza "na maktaba".