Usiku Mjomba alipoletewa barua ya kujitoa

Juzi binti yangu alikuwa anadurusu Uraia, akaniuliza: mgombea akijitoa, wale waliotaka kumchagua wanafanyaje? Sikuwa na jibu. Usiku ule nililala nikimuwaza Mjomba.

Ni Novemba 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa, kwetu Tandahimba. Korosho zinaokotwa, na wapo waliokuwa bado wanasubiri malipo ya msimu uliopita, ule ambao serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kuzisomba. Watu walikuwa na la kusema, na waliyemtaka awasemee ni Mjomba. Walimfuata wenyewe shambani. Akachukua fomu ya uenyekiti wa kijiji, akairudisha, akaenguliwa: eti jina la chama kaliandika kwa kifupi. Akakata rufaa. Hajajibiwa, CHADEMA wakatangaza kujitoa nchi nzima, vyama vingine vikafuata, na chake kikiwamo. Baada ya siku chache serikali ikasema walioenguliwa warudishwe. Basi serikali inamwita mgombea, chama chake kinasema si mgombea tena.

Katibu wa tawi la chama chake alikuja na barua ya kujitoa baada ya Isha. Mjomba alikuwa barazani anatenganisha korosho na mabibo, vidole vinanata. Hakuipokea. Aliomba maji kwanza. Kwetu juu huku maji yalikuwa ya kununua kwa ndoo, lakini Bibi alileta kata imejaa, akammiminia, na Mjomba akanawa kidole kimoja kimoja mpaka kwenye kucha, sote tumenyamaza. Akajifuta kwa shuka, ndipo akaishika barua na kuisogeza kwenye taa ya sola. Ilikuwa imeshapigwa chapa. Pa kujaza ni jina, kijiji na saini.

"Njomba, usisaini," kijana mmoja akasema. "Tuliokufuata ni sisi, siyo wao."

Katibu hakukasirika. Alisema ukibaki kwenye karatasi ya kura umeubariki uchaguzi mchafu, na bila chama hakuna mgombea. Hilo la pili ndilo linaloniuma mpaka leo. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishaamua mwaka 2013, kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia. Miaka sita ilikuwa imepita, na Mjomba, mwenye watu wake, hakuwa na njia ya kusimama nao bila barua ya chama.

Mama, ambaye ni CCM wa damu, alikuwa mlangoni. "Kaka, watu hawa unamwachia nani?" Vijana wakamgeukia: nyie mnataka abaki ili mumshinde, mpate kusema kulikuwa na ushindani. Mama akalia. Namjua mama yangu, hakuwa anatega.

Mjomba akamuuliza katibu swali moja tu: "Nikisaini, nani atakwenda kuwaambia walioniomba?"

Katibu akatazama chini. Mjomba akasaini.

Alfajiri akaanza kupita nyumba kwa nyumba, peke yake. Wengine walimkaribisha chai, wengine walimjibu kutoka ndani bila kufungua. Jioni neno likawa limeshaenea kwamba amekula hela. Tarehe 24 kijiji chetu hakikuwa na wa kumchagua, mwenyekiti alishapita bila kupingwa, na nchi nzima CCM wakachukua zaidi ya asilimia 99.

Usiku ule mimi nilikuwa upande wa katibu, na kwamba uchaguzi ule ulikuwa mchafu bado naamini hivyo. Lakini wale waliokwenda shambani kumwomba hawakuulizwa na mtu yeyote, si serikali wala chama, na Mjomba ndiye anayekutana nao mnadani kila msimu. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba alihongwa. Nilikuwepo, hakupokea hata senti. Ila wakiniuliza basi aliyewakosea ni nani, nashindwa kumtaja mmoja.