Nilivyouziba ua wangu koyote wasiwafikie mbwa

Kwetu mbwa hulala nje ili alinde nyumba. Hapa Phoenix, Arizona, mbwa mdogo akilala nje ndiye anayehitaji mlinzi. Nina wawili, mmoja wa kilo 5 na mwingine wa kilo 28, na nyumba iko jirani na korongo kavu linaloteremka kutoka South Mountain. Makorongo haya hukaa bila maji sehemu kubwa ya mwaka, na koyote huyatumia kama barabara za kuingilia mjini. Kwa asiyemjua, koyote ni jamaa wa bweha wa kwetu, ila ana miguu mirefu zaidi na mwili mkubwa kidogo. Wa jangwani huwa na kilo 9 hadi 14 hivi, ingawa manyoya humfanya aonekane zaidi.

Mbwa wangu wawili wana hatari mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya watu wengi wakosee. Wa kilo 5 ni windo tu, sawa na sungura, na hatari yake haina msimu. Yule mkubwa haliwi kirahisi; yeye koyote humwona kama mpinzani aliyevamia eneo. Koyote hupandana kati ya Januari na Machi, mimba huchukua siku 63 hivi, na watoto huzaliwa zaidi Aprili na Mei. Tangu hapo hadi katikati ya kiangazi wazazi hulinda pango, na mbwa wa kilo 30 akilisogelea atang'atwa vilevile. Vuli ikifika, vijana hutawanyika kutafuta maeneo yao, nawe utaanza kuona wageni wanaokatiza nyua za watu hata mchana.

Utasikia watu wakisema koyote mmoja hujifanya anacheza ili amvute mbwa hadi kwa kundi lililojificha. Si hila. Mbwa ndiye anayemkimbiza, na koyote anayekimbizwa hukimbilia kwao, ambako mwenzake yupo. Matokeo kwa mbwa ni yaleyale, lakini kinga inabadilika: cha kuzuia ni mbwa wako kufukuza. Na ukisikia makelele ya usiku ukadhani wako ishirini, mara nyingi ni wawili au watatu tu. Sauti zao hupanda na kushuka haraka hata sikio likapoteza hesabu.

Kabla ya kununua hata msumari mmoja nilianza na chakula. Koyote wa mijini huishi zaidi kwa panya, sungura na matunda. Utafiti wa muda mrefu wa Chicago, ulioanza mwaka 2000 chini ya Stanley Gehrt, umeonyesha kwamba wanyama wa kufugwa ni sehemu ndogo sana ya mlo wao. Kwa hiyo swali ni nini kinamleta uani, halafu akiwa hapo ndipo anapokutana na mbwa. Kwangu vilikuwa vitatu: machungwa yaliyoanguka, maganda ya mbegu ya meskiti (mti wa jangwani), na mbegu za ndege. Mbegu zenyewe si shida kubwa. Zinaleta panya, na panya ndio wanaomleta koyote. Niliondoa kilishio cha ndege na kuokota matunda kila jioni wakati wa msimu. Bakuli la maji la mbwa nalo nililiingiza ndani, maana Juni jangwani maji yanavuta kuliko nyama. Pipa la taka hulitoa asubuhi ya siku ya kuzolewa, si usiku wake. Sinia la mafuta chini ya jiko la nyama choma hulisafisha usiku uleule. Kumlisha koyote kwa makusudi katika kaunti kubwa za Arizona, Maricopa na Pima zikiwemo, ni kosa kisheria. Sheria inaruhusu ndege na kindi, lakini koyote hajui mbegu zile ziliwekwa kwa ajili ya nani.

Baada ya hapo ndipo uzio. Pande tatu za ua wangu ni ukuta wa matofali ya saruji wa mita 1.8, na upande wa korongo ni uzio wa nondo za chuma wa kimo hichohicho. Koyote huruka mita 1.5 bila taabu. Kwa mita 1.8, kwa kawaida hatui upande wa pili kwa mruko mmoja: huruka, hunasa ukingo kwa miguu ya mbele, kisha hujisukuma kwa ya nyuma. Mita 1.8 basi ni kima cha chini, na kimo hicho huhesabiwa kutoka mahali anaporukia, si kutoka upande wako. Pipa, rundo la kuni, mwamba wa mapambo au kiyoyozi kilichokaa nusu mita kutoka ukutani hukata kimo hicho kwa nusu. Nimeacha mita 2 tupu pande zote mbili kadiri nilivyoweza. Upande wa ndani nao ni muhimu, kwa sababu koyote huwa mzito kuingia mahali asipoona pa kutokea.

Chini ndiko palipokula muda. Ukuta wa matofali una msingi, hauchimbiki. Uzio wa nondo hauna. Kabla ya kuchimba popote Marekani unapiga 811, huduma ya bure ambayo huleta watu kuweka alama juu ya mabomba ya gesi, nyaya na maji, nawe unasubiri siku chache za kazi. Usiruke hatua hii hata kama unachimba kina cha kiganja. Udongo wa huku una tabaka la chokaa gumu linaloitwa kaliche. Nilimwaga maji jioni, nikachimba asubuhi kwa sururu, na hata hivyo baadhi ya sehemu sikupita sentimita 15. Ndiyo maana sikufukia wavu wima. Nilitumia wavu wa waya uliochomelewa na kupakwa zinki, upana sentimita 90, matundu ya sentimita 5, nikaukunja umbo la L: sentimita 30 zimefungwa kwenye uzio, sentimita 60 zimelala chini kuelekea nje, zimefukiwa sentimita 5 hadi 10 na kuwekewa mawe juu. Koyote huanza kuchimba palepale uzio unapogusa ardhi. Akikuta waya chini ya kucha, hajui kwamba arudi nyuma hatua moja aanzie huko. Ukiulaza kuelekea ndani, umefanya kazi ya bure.

Nondo zenyewe zimeachana sentimita 10. Koyote mzima hapiti, ila mbwa mdogo anatoa kichwa, na chihuahua anatoka mzima. Nilizungushia wavu wenye matundu madogo hadi kimo cha sentimita 90. Mara ya kwanza niliufunga kwa vibanio vya plastiki na jua la Arizona likavikausha vikakatika kimoja kimoja. Sasa ni waya wa chuma usioshika kutu, fundo moja kila sentimita 20.

Geti ndilo tundu ambalo wengi hawalioni. Chini ya langu palikuwa na uwazi wa sentimita 11. Nilimwaga kizingiti cha zege, upana sentimita 20 na kina sentimita 20, uwazi ukabaki sentimita 4. Na kila baada ya mvua kubwa za kiangazi, zile za kati ya Juni na Septemba, nazunguka uzio wote na chepe. Maji ya dakika 20 yanaweza kufungua shimo ambalo koyote angelichimba kwa usiku mzima.

Juu niliweka paipu zinazozunguka, ili koyote akinasa ukingo paipu izunguke na miguu yake iteleze. Zinauzwa za alumini tayari, lakini nilitengeneza za PVC: paipu ya inchi 1 ndani ya paipu ya inchi 3, na waya wa chuma uliosokotwa, unene milimita 3, unaopita katikati ya ile ndogo. Kila kipande kina urefu wa mita 1.5. Zaidi ya hapo paipu hubonyea katikati, hugusa ukuta na kuacha kuzunguka, na paipu isiyozunguka ni ngazi uliyomjengea koyote. Paipu ya ndani iwe ndefu kuliko ya nje kwa sentimita 2, la sivyo ya nje husugua vishikio na kugoma. Vishikio ni vyuma vya umbo la L, kimoja kila mwisho wa kipande, na mwisho mmoja wa waya una skrubu ya kukazia. Unakaza hadi paipu isibonyee zaidi ya sentimita 1, kisha unakaza tena wiki ya pili, maana waya mpya hulegea.

Vishikio vifungwe kwenye ukingo wa nje, juu ya paipu ipite juu ya ukuta, na nafasi kati ya paipu na ukuta isizidi sentimita 5. Ikizidi, mguu unapenya na kushika ukuta wenyewe. Tofali la saruji lina uwazi ndani, kwa hiyo boliti ya kutanuka haishiki vizuri. Tafuta plagi zilizotengenezwa kwa matofali matupu, na usitoboe karibu na ukingo kuliko sentimita 5, litameguka. Jua huifanya PVC iwe kavu kama biskuti, hivyo niliipaka rangi ya maji ya rangi nyepesi kwa nje tu. Rangi ikiingia ndani, paipu hunata. Ncha nazo nilizifunika kwa vifuniko vilivyotobolewa, maana nyuki wa huku hawachagui nyumba.

Kona ndizo zilizonishinda mwanzoni. Hapo paipu mbili hukutana na kuacha pengo, na mnyama ana kuta mbili za kujisukumia. Niliishia kupigilia bati laini, sentimita 60 kila upande wa kona, kutoka juu hadi katikati ya ukuta, upande wa nje. Kama ukuta ni wa pamoja na jirani, au mtaa una chama cha wenye nyumba, omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kutoboa.

Vitu vingine nilivijaribu nikaviacha. Mkojo wa mbwa mwitu wa chupa hukauka kwa siku mbili. Taa za kujiwasha humshtua koyote wiki ya kwanza, baadaye humwangazia njia. Hizo nimezibakiza kwa sababu zinanisaidia mimi kuona. Uzio wa umeme wa chini ya ardhi, ule unaomshtua mbwa kupitia ukosi, humzuia mbwa asitoke wala haumzuii koyote kuingia. Kuhusu kuua: ukimwondoa mmoja kwenye eneo zuri, mwingine huhamia.

Hata na yote hayo, mbwa mdogo hatoki uani peke yake kati ya magharibi na mapambazuko. Namtoa kwa kamba, natazama juu ya kuta kwa tochi kwanza, dakika tano, tunarudi. Wengi wa wanaozungumza Kiswahili hapa wamepanga na hawaruhusiwi kugusa ukuta, kwa hiyo kamba ndiyo uzio wote walio nao. Iwe fupi, mita 1.8, isiyorefuka. Zile za kujikunja humweka mbwa mita tano mbele yako kwa uzi mwembamba unaokata vidole ukiuvuta kwa haraka.

Phoenix ina tatizo lake: kiangazi lami huunguza nyayo, kwa hiyo wote tunatembeza mbwa alfajiri au usiku, saa zilezile za koyote. Nabeba kopo la soda lenye sarafu ishirini hivi, mdomo umezibwa kwa utepe wa gundi, pamoja na filimbi na tochi kali. Akitokea, nambeba mbwa mdogo bila kumpa mgongo, nainua mkono, napiga kelele kwa sauti nene na kusonga hatua moja mbele yake. Usikimbie. Na usiishie njiani: akisogea mita kumi akasimama kukutazama, endelea mpaka apotee, la sivyo umemfundisha kwamba kelele zako zina mwisho. Badilisha vifaa, kwa kuwa huzoea sauti moja.

Isipokuwa Aprili hadi Julai. Koyote anayekufuata kwa umbali bila kujificha wakati huo mara nyingi anakusindikiza utoke karibu na watoto wake. Hapo usimtishe. Rudi ulikotoka taratibu ukimtazama, na ubadilishe njia kwa wiki kadhaa. Vilevile usimtishe aliyejeruhiwa au anayeyumba. Hao ripoti kwa idara ya wanyamapori ya jimbo.

Vesti za kitambaa kigumu cha Kevlar zenye miiba ya plastiki shingoni na mgongoni zinafaa kwa mbwa wadogo, kwa sababu koyote hulenga shingo na mgongo. Kasoro yake ni joto: Julai simvishi zaidi ya dakika 15.

Mbwa akiumwa, usidanganywe na ukubwa wa kidonda. Jino huacha tundu dogo, lakini koyote hutikisa, na chini ya ngozi misuli huwa imechanika na kutengana. Vaa glavu, bana damu kwa kitambaa safi, mfunge mdomo asikung'ate kwa maumivu iwapo anapumua vizuri, na umpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama anatembea. Beba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo Kaunti ya Maricopa huidai kwa kila mbwa kuanzia miezi mitatu. Mwenye cheti hai huongezewa dozi na kuangaliwa nyumbani. Asiyenacho huingia kwenye utaratibu mrefu na mchungu zaidi. Mwambie daktari pia kama koyote alikuwa na mabaka yasiyo na manyoya, maana ukurutu wa wadudu huhamia kwa mbwa, na dalili zake zinaweza kuchukua wiki kadhaa kuonekana.