Siku ya Mvua Bergen, Mimi na Mama

Kabla hatujapanda meli, watu watatu waliokwisha kusafiri njia ile waliniambia kwamba nikifika Bergen, mji wa bandari wa Norwei, nikakuta mvua, nisishuke. "Kaeni melini mle, mlale. Mji ule mvua ikinyesha hauna kitu." Ushauri huo unanikera mpaka leo. Mvua ya Bergen hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Anayengoja siku ya jua pale atazeeka bila kuuona mji. Sisi tulishuka, na katika siku zote saba za safari, hiyo ndiyo siku ambayo mama yangu bado anaisimulia.

Mama alikuja Ujerumani kunitembelea mwezi wa Juni. Ana miaka 71, ni muuguzi mstaafu, goti lake la kulia linamsumbua. Meli tuliipandia Kiel. Kuhusu viza, kwa kuwa nimeulizwa sana: Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza aliyojia mama Ujerumani ilitosha. Meli yetu haikupita Uskoti. Kama yenu inapita huko, hiyo ni viza nyingine kabisa, msije mkazuiliwa mlangoni.

Tulitia nanga saa mbili asubuhi, mwisho wa kurudi melini saa kumi na nusu. Nilipofungua pazia la chumba sikuona mlima hata mmoja, na mji ule umezungukwa na milima saba. Ndiyo hiyo milima inayoleta mvua: upepo wa Atlantiki unakuja na unyevu wake, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unamwaga. Zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Lakini si mvua ya masika mliyoizoea, inayokuja kwa kishindo kisha inakatika watu wanatoka barazani. Ile ni rasharasha ya kutwa nzima. Unajiona hujalowa, baada ya saa moja unagundua maji yamefika kwenye fulana.

Mwavuli niliununua makusudi kwa safari hiyo. Haukufika mbali. Tulipopita ile ngome ya kale karibu na gati, upepo kutoka baharini ukaugeuza ndani nje, vyuma viwili vikakatika. Wenyeji wengi tuliowaona hawakubeba miavuli, walivaa makoti ya mvua yenye kofia. Nunueni koti, na liwe refu lifunike mapaja. Mama alikuwa na koti langu la zamani, akabaki mkavu juu mpaka chini ya goti. Tatizo likawa miguu.

Kosa kubwa la siku lilikuwa mlima. Mshauri wangu mmoja, yuleyule wa "kaeni melini", alisisitiza kwamba kama nitashuka basi nipande Fløyen, na tiketi nikate mapema kwenye simu ili nisipange foleni. Nikakata. Kuna gari la reli linalovutwa kwa waya, Fløibanen, limekuwa likipanda tangu mwaka 1918, kutoka katikati ya mji hadi mita 320 juu ya bahari. Dakika chache tu. Katika dakika hizo tuliona nyumba za mbao nyeupe, kisha miti, kisha weupe mtupu. Tukashuka, tukasogea mpaka kwenye ukingo ambapo watu hupiga picha ya mji wote na bandari. Mbele yetu palikuwa kama mtu ametandika shuka. Watalii kama arobaini wamesimama wanaitazama ile shuka, maji yanawatiririka puani, hakuna anayesema neno. Mama akashika chuma cha ukingo, akangoja. Dakika kumi. Kumi na tano. Akaniuliza, "Mji uko upande huu kweli?" Nikamwambia ndiyo, mama, uko hapo chini. Mbuzi wawili wa pale mlimani walikuwa wamejibanza mahali pakavu wanacheua. Mama akasema mbuzi wale wana akili, na sisi tukajikinge.

Pesa ya tiketi zile ingetununulia supu ya samaki, bakuli mbili, na chenji ingebaki. Jambo la kujua ni jepesi: simama chini, inua macho. Kama kilele hukioni ukiwa mjini, mji hutauona ukiwa kileleni. Tiketi kata hapohapo mlangoni siku ile, baada ya kutazama.

Tuliporudi chini viatu vyangu vilikuwa vinatoa maji kila hatua. Nikamwambia mama turudi melini tu. Akakataa. Akaniingiza chooni, akanikalisha, akasema vua. Kutoka kwenye mkoba wake akatoa soksi kavu pea mbili na mifuko minne ya plastiki, ile laini ya kutilia matunda, aliyoiokota jikoni kwangu bila kuniambia. "Kwetu rambo wamezipiga marufuku tangu 2019, nilipoziona kwako nikasema hizi zitatufaa." Akanikausha miguu kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja, katikati ya vidole pia. Soksi kavu kwanza. Juu yake mfuko, umevutwa vizuri usiache mkunjo chini ya kisigino, kwa sababu mkunjo ndio unaochuna. Kisha soksi ileile yenye maji, iliyokamuliwa, juu ya mfuko, ili mfuko usiteleze ndani ya kiatu. Kisha kiatu. Mdomo wa mfuko akauzungusha kwenye kifundo na kuupenyeza ndani ya soksi ya juu. Nimetembea na miguu ile mpaka saa kumi, na ilikuwa na joto. Nimeshanunua viatu vya bei vinavyodai havipitishi maji. Hakuna vilivyonifanyia kazi kama mifuko ile minne.

Wakati ananifunga kifundo ndipo akaniuliza, "Mwanangu, hapa si ndipo kwa Hansen?"

Sikujua Hansen ni nani. Mama alifanya kazi miaka kumi na tatu katika wodi ya wagonjwa wa ukoma, na chuoni walifundishwa kwamba vimelea vya ukoma viligunduliwa mwaka 1873 na daktari wa Bergen, Gerhard Armauer Hansen. Jina la mji amelibeba kichwani tangu akiwa binti, bila kujua kama liko Ulaya ya wapi. Alikuwa ameliona kwenye ratiba ya meli nyumbani kwangu, akanyamaza, akidhani mimi nina mipango yangu.

Nikatafuta kwenye simu. Kumbe hospitali ya zamani ya wakoma, Sankt Jørgen, bado imesimama na ni makumbusho, inayofunguliwa majira ya kiangazi. Kutoka stesheni ya Fløibanen ni kutembea tu, barabara ya Kong Oscar, unapita kanisa kuu lenye risasi ya mzinga iliyonasa ukutani mnarani tangu vita ya meli za Waingereza na Waholanzi ya mwaka 1665. Mama hakuitazama ile risasi hata kidogo. Goti lilisahaulika.

Mlango wake mdogo, ungeweza kuupita. Ndani ni ua, kanisa la mbao, na jengo refu la mbao lililojengwa katika karne ya 18. Ukiingia unakuta ukumbi mmoja mrefu, na kuuzunguka, chini na juu, vyumba vidogo vidogo. Ni vidogo sana. Sakafu imelika. Mvua unaisikia juu ya paa, na mbao zinalia kila ukikanyaga. Wagonjwa walipokelewa mahali pale tangu karne ya 15, na wawili wa mwisho walifariki mwaka 1946, wakiwa wameishi humo zaidi ya miaka hamsini.

Mama alisimama kwenye mlango wa chumba kimoja kwa muda mrefu. Kisha akaanza kunieleza, kwa sauti ya chini kama yuko zamu. Kwamba watu wanadhani ukoma unakata vidole, na sivyo. Ukoma unaua mishipa ya fahamu, mguu unaacha kuhisi. Mtu anakanyaga kaa la moto hajui, jiwe limeingia kwenye kiatu anatembea nalo kutwa, kidonda kinaoza, kidole kinaondoka kwa kidonda. Kwa hiyo kazi yake kubwa kwa miaka kumi na tatu ilikuwa miguu. Kila asubuhi, nyayo za kila mgonjwa, mmoja mmoja. Loweka kwenye maji, sugua ngozi ngumu, paka mafuta, tazama katikati ya vidole, vaa kiatu chenye soli laini. Alianza wakati dawa ni dapsoni peke yake, mtu anaimeza miaka na miaka. Baadaye zikaja dawa za mchanganyiko, na wagonjwa wakaanza kupona na kwenda kwao. Nilikuwa mtoto wakati ule. Nilichojua ni kwamba mama harudi mapema na kwamba shuleni kuna watoto waliokataa kukaa dawati moja na mimi kwa sababu ya kazi yake.

Kuna maelezo ukutani kuhusu Hansen. Kabla yake madaktari wakubwa, pamoja na baba mkwe wake Danielssen, waliamini ukoma ni ugonjwa wa kurithi. Yeye akaona vimelea kwenye darubini. Lakini alitaka kuthibitisha kwamba unaambukiza, akamtia mgonjwa mmoja, mwanamke, maambukizi kwenye jicho bila ridhaa yake. Alishtakiwa, na mwaka 1880 akaondolewa kwenye kazi ya udaktari hospitalini. Mama alinitaka nimtafsirie sehemu hiyo mara mbili. Chuoni hawakuambiwa. Akasema, "Yule mama alifanya vizuri kusema." Hakuongeza neno.

Pale tulikaa karibu saa mbili. Nawaambia wanaosafiri na wazee: tiketi ya makumbusho siku ya mvua ni choo, ni joto, ni kiti, ni msumari wa kutundika koti. Ukihesabu kahawa mbili za kununulia kiti mgahawani katika mji ule, tiketi ni nafuu. Na msibadilishe pesa, kila mahali tulilipa kwa kadi, hata choo.

Mchana tulikwenda Bryggen, zile nyumba za mbao za rangi zilizo kwenye picha zote za Bergen. Kutoka mbele ni maduka tu na msongamano wa watu wa meli. Ingieni vichochoroni. Nyumba zimebanana, na vibaraza vya ghorofani vimetokeza juu ya njia, hivyo unatembea mahali pengi bila kulowa. Njia ni ya mbao na inateleza vibaya, mama alinishika mkono muda wote. Mji ule uliungua mwaka 1702, na nyumba hizo zikajengwa tena kwa mtindo uleule wa zamani. Wafanyabiashara wa Kijerumani waliokaa pale kwa karne nyingi walinunua samaki mkavu kutoka kaskazini na kuleta nafaka. "Kumbe ni biashara ya ng'onda," mama akasema, na kuanzia hapo kila kitu alikielewa haraka kuliko mimi. Moto ulikatazwa ndani ya nyumba zile, hata wa kuotea, hata taa. Kupika na kuota moto walikwenda kwenye majengo ya nyuma, Schøtstuene, ambayo mpaka leo unaweza kuingia. Fikiria baridi ya Januari pale. Na walikatazwa kuoa.

Jirani na hapo kuna Bryggens Museum, iliyojengwa palipochimbuliwa mabaki baada ya moto mwingine wa mwaka 1955. Walikuta mamia ya vipande vya mbao na mifupa vilivyochongwa maandishi ya kale ya runi. Kingine ni hesabu za biashara, kingine ni sala. Kimoja ni ujumbe mfupi kabisa: Gyda anasema uende nyumbani. Pengine mtu amekaa kilabuni, mke ametuma kijiti. Mama alicheka mpaka mlinzi akatugeukia, akanifanya nikipige picha kimwendee baba.

Supu ya samaki tulikula, nzito, ya maziwa, na bei yake sitaisema. Tulikuwa getini saa tisa na dakika hamsini. Wale waliobaki melini tuliwakuta ukumbini wamejifunika mablanketi, wakituuliza kama kulikuwa na chochote cha kuona.

Chumbani nilitaka kujilaza tu. Mama akafungua bomba, akajaza ndoo ya takataka maji ya vuguvugu baada ya kuisafisha, akaniamuru niweke miguu. Nikamwambia, mama, miguu yangu inahisi. Akasema anajua. Akaitoa mmoja mmoja, akakausha, akavaa miwani, akatazama katikati ya vidole vyote kumi. Kisigino cha kushoto kilikuwa na alama nyekundu, mahali ambapo mfuko ulijikunja. Akapaka mafuta hapo.