Mtutu wa inchi 24, msumeno na kijiti cha pamba

Leo asubuhi risasi 10 zimekaa kwenye karatasi ya yadi 200, na kutoka ya juu kabisa hadi ya chini ni inchi 4 kasoro. Tena kwa risasi za SK Standard Plus, si zile za Tenex za wenye nazo. Karatasi nimeibandua nikaiweka kiti cha mbele cha gari kama abiria. Mwezi wa pili nilikuwa nimeshapiga picha za bunduki hii ili niiuze.

Bunduki yenyewe, CZ 457 yangu ya risasi ndogo za .22 LR, ilikuja na mtutu wa inchi 20.5 usio na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu. Nilijiaminisha kwamba masafa marefu yanataka mtutu mrefu, nikanunua wa inchi 24, mzito kama mchi. Kwenye 457 mtutu unashikwa na skrubu mbili tu; unaubadilisha mezani huku chai inachemka. Wepesi huo ndio unaotuponza wengi.

Kipima mwendo kikaniumbua siku ya kwanza. Mtutu wa zamani: wastani futi 1,066 kwa sekunde. Mpya: 1,052. Nikasema kimekosea hiki, nikapiga nyingine 20. 1,051. Nimeongeza chuma inchi tatu na nusu, na risasi inatoka ikiwa imechoka zaidi.

Mshirika wangu wa uwanjani, mzee mmoja wa Tanga aliyetangulia kufika huku Minnesota, alicheka hadi akavua miwani. "Mdogo wangu, hiyo si .308 ya risasi kubwa. Baruti yenyewe ni kiganja cha sisimizi." Ni kweli. Kwenye .22 LR, mtutu ukifika inchi 16 hadi 19 hivi, gesi imeshamaliza kazi yake. Kuanzia hapo risasi inajikokota kwenye chuma bila msukumo wa maana. Nilikuwa nalijua hilo. Nilidhani mtutu wangu utakuwa tofauti.

Na hata ningeupata huo mwendo, ningeufanyia nini? Sauti kwenye joto la nyuzi 20 husafiri kama futi 1,125 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, ambayo kwetu hapa ni Januari ya kawaida tu, inashuka hadi 1,067 hivi. Risasi iliyoandikwa 1,073 kwenye kisanduku iko palepale mpakani. Zile za kasi, za 1,235, zinatoka zimeipita sauti halafu zinarudi chini yake kabla ya yadi 100, na pale zinapovuka ndipo zinapotikisika. Kwa hiyo sisi wa masafa tunalipa zaidi ili risasi iende polepole, mradi zote ziende polepole sawasawa.

Hilo "sawasawa" ndilo lililoninyima usingizi. Kwenye yadi 200, tofauti ya futi 10 kwa sekunde inakupeleka juu au chini karibu inchi moja. Sasa kisanduku chenye tofauti ya futi 40 kati ya risasi ya kasi na ya pole kitakupa inchi nne za wima hata bunduki ikifungwa kwenye jiliwa. Mitutu yote miwili ilikuwa inanipa 38, 41, 37. Urefu haukugusa chochote hapo. Karatasi zangu zote zilikuwa na matundu yamepangika wima kama shanga zilizotungwa.

Mtu mwenye akili angerudi kwenye 20.5. Lakini huu mrefu chemba yake, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tamu: risasi inaingia kwa kubana, na ukiitoa bila kufyatua unaona michirizi ya ndani ya mtutu imeshajichora kwenye kichwa cha risasi. Kwenye yadi 50 ulikuwa unaushinda wa zamani waziwazi. Kilichonikera ni uzito wa mbele. Ukiegemea kizuizi cha mbao kwenye mashindano ya NRL22, yale ya bunduki za .22, pua inainama kama fimbo ya kuvulia iliyokamata samaki. Nikaamua: ukatwe hadi 18. Chini ya 16 sheria ya huku inaiita bunduki ya aina nyingine, inayotaka usajili wake, kwa hiyo 18 inaniachia nafasi ya kukosea.

Mpango niliouandika kwenye daftari ulikuwa wa kisomi kabisa: kata inchi moja, pima mwendo, piga makundi matano (risasi kadhaa kwenye alama moja, kuona zinakaribiana vipi), kata nyingine. Mkereza vyuma akanitajia bei ya kila mkato. Nikamwambia akate zote sita kwa mpigo. Daftari nikalifunga.

Ulivyorudi, balaa. Yadi 50, kundi la inchi moja na robo, na kila risasi ya nne au ya tano inakimbilia kulia. Wikendi tatu nimezimaliza hapo. Nilikaza upya skrubu za mtutu kwa bisibisi ya kipimo. Nilibadilisha darubini, nikarudisha ya kwanza. Nilishuku baridi, nikashuku risasi, nikashuku kahawa. Mama Neema akaniuliza, "Hiyo ni mchezo au ni kazi ya pili isiyo na mshahara?"

Kilichoniokoa ni kijiti cha pamba, kile cha kusafishia masikio. Nilikiingiza mdomoni mwa mtutu, nikakivuta polepole kuja nje huku nakizungusha. Sehemu zote laini. Upande wa kulia, kama saa tatu hivi kwenye uso wa saa, pamba ikanasa. Nikarudia, ikanasa palepale. Nikaweka kioo cha kukuzia na tochi: ukucha wa chuma, mdogo kuliko punje ya chumvi, umesimama kwenye krauni, yaani ukingo wa mdomo wa mtutu, mwishoni mwa mchirizi mmoja. Risasi laini inatoka, ule ukucha unaikwangua upande mmoja, gesi inaponyoka upande huo kwanza. Wikendi tatu!

Fundi wa kwanza sikumrudia. Wa pili alikereza krauni upya kwa dakika chache, ikabaki inchi 17.9. Kundi la kwanza baada ya hapo, yadi 50, risasi tano, tundu moja lenye umbo la karafuu. Mwendo sasa ni 1,063. Wima wa yadi 200 umepungua kwa sababu nimepata toleo la risasi lenye tofauti ya futi 27 tu, na hapo mtutu hauna sifa yoyote ya kudai.

Kuhusu vipima mwendo: kile cha kufunga kwenye mtutu, MagnetoSpeed, kinasoma vizuri lakini kinaning'inia mbele na kuhamisha mahali risasi zinapopiga. Huwezi kupima mwendo na kundi kwa wakati mmoja. Garmin Xero unakiweka mezani pembeni, kidogo kama kisanduku cha sabuni, unakisahau. Ni ghali, na sijutii.

Nilikuwa nipime matoleo mengine matatu wiki hii. Visanduku bado vimefungwa. Kile kipande cha inchi sita kilichokatwa kiko mezani, na nimekumbuka zile bunduki za Olimpiki zenye mtutu mfupi uliorefushwa kwa mrija mtupu usio na michirizi. Nikikipanua tundu na kukata hesi, kinaweza kurudi mbele kama uzito wa kusogeza mbele na nyuma, kutafuta pale mtikisiko wa mtutu unaposamehe tofauti ya mwendo. Najua, nimelipa kuondoa uzito wa mbele na sasa naurudisha. Keekee ya kwanza imeshakatikia humo ndani.