Njoni Mfungue Kinywa: Pasaka Yangu ya Siku 50

Besi ilikaa nyuma ya mlango wa chumba changu miezi mitano. Ukifungua mlango kwa haraka unaigonga, nayo inatoa mlio mdogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ndiyo kubwa kuliko tarumbeta zote, ile ya kukumbatia kama mtoto, na mume wangu aliipuliza katika bendi ya ushirika wetu wa kanisa la Moravian huko Rungwe tangu hajanioa.

Alifariki Novemba 2022. Kwetu wengi huzikwa nyumbani, pembeni ya migomba, lakini yeye alitaka makaburi ya kanisa, tukamzika huko. Bendi ikapiga, matanga yakaisha, watu wakatawanyika. Nikarudi Uyole, Mbeya, kwenye kibanda changu cha chakula, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ile ya Dar es Salaam. Besi nikarudi nayo, nimeiviringisha blanketi. Hakuna aliyeuliza. Nani atamuuliza mjane amebeba nini?

Baadaye waliuliza. Mwalimu wa bendi alinijia mara tatu. Ya kwanza alikuja na upole, ya pili na mzee wa kanisa, ya tatu peke yake, Februari, na uchovu wa safari usoni. Nikampa supu na chapati. Alipofika nusu ya sahani akasema taratibu kwamba besi ni mali ya ushirika, na Pasaka inakaribia. Nilimjibu mbele ya wateja. Mengine siyaandiki, ila nilimwambia kama wanamtaka mpiga besi wao waende wakamfukue. Akaweka kijiko chini, akalipa, akaondoka. Supu ikapoa pale mezani.

Kwa asiyejua desturi yetu, Pasaka ya Wamoravian haisubiri kengele ya saa nne. Bendi huzunguka kijijini usiku ikiamsha watu kwa nyimbo. Tunakusanyika kungali giza, kisha tunaandamana hadi makaburini ili jua litukute tumesimama kati ya wafu wetu. Mchungaji anatangaza, "Bwana amefufuka!" nasi tunaitikia, "Amefufuka kweli kweli!" Wanakumbukwa pia wale waliolala tangu Pasaka iliyopita.

Tarehe 9 Aprili 2023 mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kama Rungwe inavyojua kunyesha mwezi huo. Tope hadi kwenye vifundo vya miguu, kanga vichwani, miavuli inagongana. Nilijua jina la mume wangu litasomwa, kwa hiyo nilijiandaa kwa ajili ya jina. Wimbo sikuwa nimeufikiria. Bendi ilipoanza, tarumbeta za juu zilikuwepo, za kati zilikuwepo, chini hapakuwa na kitu. Ulikuwa kama mchuzi usiotiwa chumvi: kila kitu kimo na bado haumezeki. Na kila aliyesimama pale alijua chumvi iko nyuma ya mlango wa nani. Ilipofika zamu ya kuitikia nilifungua mdomo tu, haikutoka sauti.

Jumanne nilipanda Coaster kurudi Uyole. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa kanisani kwetu, mkungu wake wa ndizi ukiwa kati ya miguu yake na yangu. Nikamwambia, "Pasaka ndiyo hiyo imepita, bibi, na mimi sikuiona."

"Imepita kwenda wapi?" akasema. "Leo ni siku ya tatu tu. Zimebaki 47." Akanihesabia kwa vidole, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana ikiwa katikati, hadi Pentekoste, 28 Mei. Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Kufunga siku 40 mnajua sana. Hata maziwa kwenye chai mnaacha. Kufurahi siku 50 kunawashinda siku ya pili."

Liliniudhi neno lile. Mjane wa miezi mitano unamwambia habari ya kufurahi? Lakini hesabu yake ilinikaa kichwani. Ni kweli, Kwaresima tunaitunza kwa ratiba, kila mtu anajua ameacha nini. Pasaka tunaitunza kwa wali na nyama, halafu tunaanua nguo nyeupe na mambo yanaendelea yalivyokuwa. Nikasema nitajaribu, hata kama ni kwa kumkomoa yule bibi.

Wiki ya kwanza nilishindwa vibaya. Nilijiwekea kusoma sura moja kila jioni kwa mshumaa. Mama lishe anaamka saa kumi alfajiri, kwa hiyo jioni ile ya kwanza mshumaa ulisoma peke yake. Nikajaribu njia nyingine, redio ya mapambio kibandani kuanzia asubuhi, sauti juu. Siku ya tatu muuza viatu wa jirani alikuja kuniuliza kama nimeokoka au nimechanganyikiwa. Nikaizima. Furaha ya kujilazimisha inachosha kuliko msiba, maana kwenye msiba angalau unaruhusiwa kukaa chini.

Iliyofanikiwa ilikuja yenyewe. Asubuhi moja mkaa ulikuwa umelowa, nimepepea hadi mkono umekufa ganzi, jiko linatoa moshi tu. Kwa hasira, si kwa ibada, nikaliambia jiko, "Bwana amefufuka!" Binti anayenisaidia, ambaye alipata kipaimara mwaka uliotangulia, akajibu kutoka kwenye unga wake bila kuinua kichwa, "Amefufuka kweli kweli." Tukacheka. Kesho yake nikalisema tena, na keshokutwa, kila siku wakati wa kuwasha moto. Ndiyo ikawa ibada yangu nzima ya asubuhi, maneno matano na majivu. Makondakta waliokuja mapema wakaanza kuitikia, wengine kwa utani. Dereva mmoja wa lori, Mwislamu, mteja wangu wa siku nyingi, alifika siku niliyoamka na homa nikawa kimya. Akaniuliza, "Mama, leo jiko halijasalimiwa?"

Kusoma nako nikakuhamishia pale pale jikoni, wakati supu inachemka. Sikusoma mengi. Biblia ilifunguka Yohana 21, ukurasa ukaingia mafuta ya chapati, na kuanzia hapo ikawa inafunguka hapo hapo kila siku. Basi nikaisoma sura hiyo moja mwezi mzima, na nadhani niliisoma kama mama lishe.

Wanafunzi wamevua usiku kucha, hawana kitu. Kumekucha, Bwana amesimama ufukweni, na wanapofika nchi kavu wanakuta moto wa makaa umeshawashwa, samaki yuko juu yake, na mkate upo. Mimi najua moto wa makaa haujiwashi. Mtu ameinama, amepuliza, ameungoja ukolee. Aliyeshinda kaburi juzi, asubuhi hii anafanya kazi yangu! Kisha anawaambia neno ninalowaambia watu kila siku: "Njoni mfungue kinywa."

Halafu nikaona jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye mahubiri, au labda lilihubiriwa nikiwa nasinzia. Moto wa makaa umetajwa pia sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi. Hapo ndipo Petro alipokuwa akiota moto na kumkana Bwana, akisema hamjui. Bila shaka alipoisikia harufu ya mkaa pale ufukweni tumbo lilimkata. Na Bwana hakumwambia neno kwanza. Alimlisha kwanza. Walipokwisha kula ndipo akamuuliza, mara tatu, kama anampenda.

Niliisoma hiyo huku napepea, mkono ukasimama. Mimi pia nilikuwa na moto wa makaa. Ulikuwa huo huo mbele yangu, na mezani kwake kulikuwa na sahani moja iliyoachwa nusu.

Nilichukua karibu wiki mbili kumpigia simu mwalimu wa bendi. Siku nyingine nilikuwa na salio, nikajisingizia sina. Alipopokea alinyamaza kwanza, nadhani alifikiri nataka kumtukana awamu ya nne. Nikamwambia, "Mwalimu, Jumamosi njoo ufungue kinywa kwangu." Akauliza kuna nini. Nikasema kuna samaki.

Samaki mimi siuzi. Niliagiza mbasa kutoka Kyela kwa kondakta ninayemwamini, nikampaka chumvi na ndimu, na Jumamosi ya tarehe 13 Mei nikamchoma kwenye mkaa ule ule. Besi nilikuwa nimeisugua kwa majivu na ndimu hadi ikaonyesha uso wangu umepinda. Niliiweka kwenye kiti, kama mgeni wa pili. Mwalimu alipofika aliiona akajifanya hajaiona. Akala samaki hadi kwenye miiba. Nilipoona sahani iko tupu ndipo nikasema lile la Februari lilikuwa baya, anisamehe. Akasema, "Mama, hata mimi nilikuja na habari ya mali kabla ya kukupa pole ya kutosha." Sikuwa nimelitegemea hilo.

Kisha, kwa vile wanaume wa kanisa wakishashiba hupenda tarehe, akanipa historia. Alisema ibada yetu ya makaburini ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana wa kiume walipopanda kilima cha makaburi kabla ya mapambazuko wakaimba hadi jua likatoka. Makaburi hayo waliyaita Shamba la Mungu. Mwaka huo huo wamisionari wao wa kwanza wawili waliondoka kwenda kisiwa cha Saint Thomas, huko Karibiani, kwa watumwa, na mwaka 1891 waliofuata nyayo zao wakafika Rungwe kwetu. "Unaona?" akasema. "Waliimba kaburini, halafu wakaondoka kwenda kazini." Kwamba kaburi ni shamba nililielewa haraka kuliko hizo tarehe. Mimi ni mtoto wa wakulima. Najua kufukia kitu na kukingoja.

Nilitegemea angeondoka na besi siku ile. Akasema hapana, inahitaji mdomo wa kuipuliza kwanza, na mdomo uko hapa hapa Uyole: kijana wa kidato cha pili, mtoto wa ushirika wetu, anakaa kwa mjomba wake. Anayo pumzi, hana chombo. Ningekubali ajifunzie kwangu?

Hivyo Jumamosi zilizobaki hadi Pentekoste, na nyingi baada ya hapo, kijana alikuwa akikaa nyuma ya kibanda na kupuliza. Sitasema uongo, ilikuwa kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Muuza viatu alikuja tena kulalamika, safari hii nikampa chai. Nilimlisha kijana kila alipokuja, sikumdai. Kabla ya hapo nilijaribu utaratibu wa kutoa sahani moja ya bure kila siku kwa mhitaji, nikaona nawachagua wanaoshukuru vizuri, nikauacha. Huyu hakuwa na shukrani kubwa. Alikuwa na njaa tu, na midomo iliyovimba.

Si kwamba nimeacha kulia. Upande wa kitanda wa mume wangu bado silali. Kuna asubuhi nililisalimia jiko huku siamini hata neno moja, na nilifarijika kuona Marko anavyosema wazi kwamba wale wanawake walitoka kaburini wakikimbia, wanatetemeka, wasimwambie mtu neno. Nilichogundua ni kwamba wao walikuwa wamekwenda kufanya kazi, wamebeba manukato yao, hawajui hata nani atawavingirishia jiwe. Hawakungoja waamini ndipo waamke mapema.

Pasaka iliyofuata ilikuwa 31 Machi 2024. Nililala kijijini kwa wakwe. Usiku, kama saa tisa hivi, nikaisikia bendi ikija kutoka mbali, ikipotea kwenye migomba na kuonekana tena. Chini ya wimbo kulikuwa na sauti nene, imechelewa nusu hatua. Kwenye ubeti wa pili ilikosea kabisa, ikatulia, ikarudi. Mume wangu angemtupia kofia. Nikacheka peke yangu gizani hadi mama mkwe akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

"Wanapita, mama," nikamwambia. "Amka tutafute viatu vya mvua."

Makaburini niliitikia. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilitoka. Kulipopambazuka na watu wakaanza kushikana mikono, kijana alinijia katikati ya tope, besi begani, na kabla ya salamu akauliza kama nimekuja na chapati. Nilikuwa nazo 30 kwenye hotipoti, chini ya mwavuli, pembeni ya kaburi la mwenye besi.